Fundi Aliyezipa Sanamu Tumbo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni kiti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyetutoka Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Wengi walimjua kwa jina la Bi Futi, kwa kuwa utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake. Binti yake anasema hata kwenye picha ya harusi upo. Bwana harusi kavaa tai, bibi harusi kavaa futi.

Bi Futi alikuwa fundi, na fundi hodari. Lakini hatumkumbuki kwa nguo alizoshona. Tunamkumbuka kwa sanamu alizozivalisha.

Alijifunza kushona barazani kwa shangazi yake. Baada ya kuolewa akaajiriwa na duka kubwa la nguo, chumba cha nyuma, kazi ya kupunguza na kuongeza. Mbele, nyuma ya kioo, zilisimama sanamu sita. Zote shingo ndefu, tumbo bapa, kiuno cha kushikika kwa viganja viwili. Hakuna nguo ya dukani iliyozikaa. Basi kila Jumatatu Bi Futi alizivalisha, akaikunja nguo kwa nyuma, akaibana kwa pini. Pini kumi na saba, gauni moja. Ukiwa barabarani unaona gauni limekaa kama limemiminwa. Mgongo hakuna aliyeuona.

Ukuta wa chumba chake ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wateja walijaribia nguo. Alisikia kila neno. "Hili tumbo litaniua." "Jamani, nimekuwa kama gunia." Wanawake waliingia wakicheka, wakatoka kimya.

Siku moja akaingia mama aliyekuwa ametoka kujifungua. Akajaribu gauni la dirishani, likamkataa. Akalia humo ndani. Akasema, "Nguo haina kosa. Kosa ni mimi."

Bi Futi alikuwa mtu wa haya, wasikilizaji. Mbele ya wageni sauti ilimkauka. Lakini siku hiyo aliinuka, akamshika yule mama mkono, akampeleka dirishani, akaigeuza sanamu.

"Hesabu," akamwambia.

Yule mama akahesabu pini. Alipofika kumi na saba alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwenye duka hakucheka. "Unawafunulia wateja siri ya duka!"

"Siri gani, bosi? Nguo tumeibana sisi, halafu mtu anarudi kwake akiulaumu mwili wake."

"Sasa unataka nini?"

"Kona moja ya dirisha. Niweke sanamu yangu."

Mwenye duka akaitazama kalenda. "Miezi miwili," akasema. "Nguo zisipotoka, utatoka wewe."

Chumba cha kulala kikageuka karakana. Magazeti ya zamani, waya, ndoo ya gundi. Alibandika karatasi tabaka juu ya tabaka, akasubiri zikauke, akabandika tena. Mume wake akawa analala upande upande, asije akaangusha mguu wa mtu. Baada ya wiki tatu ikapatikana sanamu ya mwanamke mwenye tumbo, nyonga pana na mapaja yanayogusana. Bega la kushoto lilishuka kidogo kuliko la kulia. Bi Futi akaivalisha gauni la bluu, bila pini. Bila pini hata moja, wasikilizaji.

Watu wakajaa nje ya dirisha. Wakacheka, wakanyoosha vidole. Mmoja akapaza sauti: "Jamani, huyu si mpishi wa shule?"

Na hapo ndipo Bi Futi alipoteleza. Mpishi wa shule alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Miaka yote alimshonea yeye, vipimo vyake vyote vilikuwa kichwani. Akavitumia bila kumwomba. Lile bega lilishushwa na masufuria ya shule, na mtaa mzima hakuna mwenye bega kama lile.

Wifi mwenyewe ndiye aliyetusimulia. "Nilifika pale na mwiko mkononi. Nikamwambia, 'Wifi, umenianika! Kutwa nzima nimesimama dirishani na mwenyewe sina habari!' Akaanza kulia, eti anaitoa. Nikamwambia, 'Nani amesema uitoe? Nimesema hukuniomba.'"

Bi Futi akaomba radhi, palepale, mbele ya watu. Wifi akanuna siku nne. Ya tano akatuma salamu: sanamu ibaki, ila gauni la bluu limfikie mwenyewe. Tangu hapo Bi Futi hakulowesha karatasi mpaka mtu aseme kwa kinywa chake, "Ndiyo, nichukue."

Mwezi wa pili tangu apewe kona, gazeti likaja kupiga picha. Likaandika habari ndefu, nzuri, kuhusu sanamu yenye mwili wa kweli. Bi Futi akaitazama ile picha. Akavua futi shingoni, akapima. Nyonga zilikuwa zimebanwa. Tumbo limefutwa. Bega limeinuliwa. Sanamu ya karatasi, wasikilizaji, na bado wakaipunguza!

"Achana nao," mwenye duka akamwambia. "Picha imependeza, wateja watakuja. Ukienda kugombana na gazeti, usirudi hapa."

Miezi miwili ilikuwa inakaribia kwisha. Kazi nyingine hakuwa nayo. Bi Futi akaibeba sanamu mgongoni, akatoka nayo. Njiani akapitia jikoni shuleni. Wifi akasikiliza, akavua aproni. "Wanipunguze mimi, halafu mimi nibaki huku nikikoroga? Twende."

Mhariri aliinua macho akaona wanawake watatu, mmoja wa karatasi.

"Nani amekipunguza kiuno hiki?" Bi Futi akauliza. Sauti ilimtetemeka.

"Mama, picha zote huwa tunazisafisha kidogo. Ni kawaida yetu."

"Kuzisafisha?" wifi akadakia. "Mwanangu, mimi naoga kila siku!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, mhariri naye. Bi Futi hakucheka. Alipima mabega ya sanamu, akapima nyonga: nyonga zimezidi mabega. Akapima gazetini: mabega yamezidi nyonga. Akaliweka gazeti mezani.

"Maneno yako yanasema mwili wa kweli," akasema. "Picha yako inasema hautoshi. Watu watasoma kipi? Sitaondoka."

Hakuondoka. Alikaa mapokezi na sanamu yake mpaka ofisi ikafungwa. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akarudi. Siku ya nne picha ikachapwa upya, na tumbo lake, na bega lake.

Asubuhi hiyo mwenye duka alimkuta mlangoni, foleni ya wateja nyuma yake. "Si nilisema usirudi?"

"Ulisema, bosi. Fungua kwanza, watu wamesimama."

Akafungua. Ndani ya miaka mitatu zile sanamu sita zilikuwa stoo. Dirishani walisimama kinyozi mwenye kibiongo, mstaafu wa posta mwenye mguu mmoja, na mama wa mapacha. Kila mmoja alisema mwenyewe, "Nichukue."

Mwaka huu ugonjwa ulimla Bi Futi. Nywele zikaisha, mashavu yakaingia ndani. Wiki moja kabla hajafariki alimwomba binti yake ampige picha ya kutangazia msiba wake. Binti akakataa. "Mama, tutaweka ya ujanani. Watu wakukumbuke ulivyokuwa mzuri."

"Nani amekwambia sasa mimi ni mbaya?" mama akajibu. "Piga."

Binti akapiga huku analia. Ndiyo picha iliyotoka gazetini leo, haijaguswa.

Kwa mume aliyebaki, kwa binti, kwa wifi ambaye sauti yake ilikatika mara mbili tulipozungumza naye, tunasema poleni sana. Mungu awape subira, naye ampumzishe fundi wetu.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa. Redio haina picha. Hatukuwaambia Bi Futi wa enzi za nguvu zake alikuwa mnene au mwembamba, mrefu au mfupi. Lakini tangu tulipoanza mmeshamchora kichwani. Mtazameni tena, taratibu. Mwili mliompa mliutoa wapi? Na kama kuna mahali mmempunguza, tafadhali, mrudishieni.