Jina Lililobaki Ukutani: Maisha ya Fundi Eberhard Nägele

Mchungaji wetu, wajumbe wa baraza la kanisa, majirani wa Kaltenried, ndugu na jamaa, familia imenituma mimi Mechthild, mtoto wa kwanza, niyasome maisha ya baba yetu kama mwenyewe alivyoagiza, bila kuremba.

Marehemu Eberhard Nägele alizaliwa hapahapa Kaltenried tarehe 3 Machi 1936, akasoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1942 hadi 1950, akatoka na hesabu nzuri na mwandiko mbovu, na mwaka huohuo akaingia karakana ya Mzee Hahn kujifunza useremala. Siku ya kwanza Mzee Hahn hakumpa hata msumeno, alimpeleka kwenye nyumba ya mchungaji, ile iliyojengwa mwaka 1711, akamwonyesha inavyosimama: msingi wa mawe, juu yake boriti nene ya mwaloni inayoizunguka nyumba nzima, juu ya boriti nguzo na mihimili ya mshazari, kila kiungo kimechongwa alama ili kila mti umjue mwenzake, na katikati ya miti fito zilizokandikwa udongo na majani makavu. Akamwambia kila kitu humo kimebebwa na ile boriti ya chini.

Tarehe 14 Mei 1960 alifunga ndoa na Roswitha, binti wa mwoka mikate, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1961 na Ulrich mwaka 1964, na mama akaajiriwa kuitunza nyumba ya mchungaji.

Wapo waliotuomba tuiruke sehemu inayofuata, na haturuki. Mwaka 1964 watu wa hapa waliona aibu na nyumba za miti na udongo, mwenyekiti wa baraza akamwambia marehemu, "Eberhard, wageni wanadhani mchungaji wetu analala kwenye banda la mbuzi, ivalishe suti," naye akakubali kuipiga lipu ya saruji pande zote nne. Mzee Hahn alikuja na fimbo yake akasimama chini ya jukwaa. "Wee, mti unapumua! Maji yataingia kwenye nyufa na hayatatoka, unauzika mzima!" Marehemu, wa miaka ishirini na minane, akamjibu toka juu, "Mzee, wewe na udongo wako mtazeeka pamoja," na mafundi wote wakacheka. Tarehe 22 Agosti alimaliza, na kando ya mlango, saruji ikiwa bado mbichi, akaandika kwa msumari: E. Nägele 1964.

Miaka ishirini nyumba ilimeremeta. Mama peke yake ndiye aliyelalamika, kila baridi ilipoingia alirudi akisema, "Mume wangu, kile chumba cha juu, kona ya kaskazini, kinanuka uyoga," na baba kila mara alimjibu, "Fungua dirisha." Ijumaa tarehe 21 Februari 1986, saa nne asubuhi, kona ile ilikaa chini, sakafu ya chumba cha juu ikashuka pamoja na jiko la chuma, na Roswitha Nägele, miaka arobaini na tisa, akafa akiwa na ufagio mkononi. Baba aliipasua lipu kwa shoka, akautia mkono kwenye boriti ya mwaloni, ukazama hadi kiwiko, ndani mlikuwa na unga tu.

Baraza lilitaka iandikwe kwamba nyumba ina miaka mia mbili sabini na mitano, basi ni uzee. Jumapili iliyofuata marehemu alisimama kanisani kabla ya baraka akasema, "Si uzee. Niliambiwa, nikacheka. Ni mimi." Kisha akaketi, na benchi lote lilikuwa tupu, waliokaa naye wamehama.

Tangu mwaka 1987, kila Jumamosi, bila malipo, aliibandua saruji yake kwa patasi, kiganja kwa kiganja, akaikata boriti mbovu kipande kwa kipande na kuunga mwaloni mpya, akakandika udongo upya jinsi alivyofundishwa na Mzee Hahn, mtu ambaye yeye mwenyewe alimcheka. Mwaka 2011 alifunga kona ya mwisho. Kilibaki kipande kimoja, cha upana wa trei ya mikate, chenye jina lake, na baraza lilipotuma mtu akiondoe kwa kuwa kinaharibu sura ya nyumba, marehemu alimzuia mlangoni: "Kimeshika mawe ya msingi tu, hakifiki kwenye mti, hakidhuru. Kiache. Atakayekuja na saruji nyingine aulize huyo E. Nägele ni nani, na mumwambie."

Mwaka 2016 mapafu yalianza kumsumbua, daktari akasema ni vumbi, na Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2019, saa kumi alfajiri, alifariki nyumbani, Ulrich akiwa amemshika mkono uleule uliozama kwenye boriti.

Tunamshukuru daktari aliyepanda mlima wetu hata kwenye theluji, wauguzi, majirani mlioleta supu ya dengu bila kuulizwa, na maseremala wa wilaya mliobeba jeneza. Kwa baraza tuna ombi moja tu, kipande kile kisiguswe. Asubuhi hii, kabla ya kengele, mimi na Ulrich tulipanda chumba cha juu, kona ya kaskazini, tukanusa.

Lala sasa, Baba, kando ya Mama. Ukuta umekauka.