Mwalimu Gwalugano na Wageni Wasioaga

Kaka yangu, Mwalimu Gwalugano Kibona, alizaliwa tarehe 4 Juni 1961 Ibaba, Ileje. Mama alisema alitoka haraka, mkunga hajavua hata koti.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Ibaba, kisha ualimu wa sayansi Mbeya, akahitimu mwaka 1983.

Alifunga ndoa na Nesta tarehe 10 Septemba 1988. Siku ya posa alimsubiri mshenga wake, Barnaba, nje ya dirisha. Barnaba alipomaliza tu kueleza, marehemu akamwita waondoke, ujumbe umefika. Jibu lilikuwa bado. Baba mkwe alilazimika kuwafuata njiani na kukubali palepale.

Alifundisha baiolojia Vwawa na Tunduma hadi 2021. Huko ndiko alikosoma habari za glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe nayo. Ujumbe ukishafika lazima iondolewe, la sivyo seli husisimka mpaka zife. Zinazoiondoa ni protini zilizojipachika kwenye utando wa seli, tatu tatu zimeshikana. Kila moja huteremka kama ndoo kisimani: huingiza glutameti moja, sodiamu tatu na protoni moja, kisha hurudi na potasiamu moja. Siku moja Tunduma aliwapanga wanafunzi mlangoni hivyohivyo. Mkaguzi aliyefika siku ile aliingizwa kama glutameti, na wasindikizaji wanne.

Nyumbani ilikuwa balaa. Mgeni akishasema lililomleta, aliletewa viatu vyake. Mimi mwenyewe nimeletewa mara nyingi, na nilinuna.

Tarehe 17 Novemba 2025 alipata kiharusi. Kwa ulimi mzito alimweleza daktari kwamba damu ikikosekana, protini zile huishiwa nguvu, zikaanza kuitema glutameti badala ya kuimeza. Daktari alikubali, akamwomba anyamaze apimwe presha.

Jioni ya Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026, alituonyesha mlango sote tuliozunguka kitanda chake. Nesta naye akainuka. Marehemu akamshika kanga. “Wewe kaa. Protini haiondoki, kazi yake iko hapohapo.”

Alifariki kesho yake asubuhi. Ameacha mjane, watoto watatu, Dennis, Gwantwa na Tumaini, wajukuu wanne, na mimi Roda, mdogo wake.

Aliacha agizo la maandishi: tukishamzika tule, tuondoke leo leo, Nesta apumzike. Nilimsomea wifi agizo hilo jana. Alilia, halafu akasema, “Nyumba ni kimya mno, wifi. Waambie wakae mpaka Jumapili.”

Kwa hiyo viatu vyenu nimevificha mimi. Kaka, tusamehe. Ujumbe wako umefika. Pumzika kwa amani, sisi bado tupo kidogo.