Adélaïde Nsimire, Mshonaji Aliyewapimia Watu Baiskeli

Wasikilizaji wapendwa, mumeamkaje huko muliko? Asubuhi hii ukungu umelala juu ya ziwa. Kutoka hapa studio sioni ng'ambo. Nasikia tu: mtu anafagia uwanja, mtu anamwita mwenzake, na mahali fulani huko chini kengele ya baiskeli inapita taratibu, kama mtu anayeota. Sogeeni karibu. Leo tunakaa na mwanamke mmoja wa Cimpunda, hapa hapa Bukavu, ambaye hatuko naye tena. Jina lake Adélaïde Nsimire. Wengi wenu mlimwita Maman Adélaïde.

Maman Adélaïde alikuwa mshonaji. Nasema tena: alikuwa mshonaji wa nguo. Mambo ya baiskeli yalimjia ukubwani, na yaliletwa na maumivu ya mtu aliyempenda.

Alizaliwa Katana, karibu na maji. Kushona alifundishwa na masista. Wale waliosoma naye wanasema alikuwa na macho ya ajabu: akikutazama ukitembea, alijua bega lako lipi liko chini kuliko lingine. Alikata kitambaa tu, na ile blauzi ilipofika mwilini mwako, mabega yalikuwa sawa.

Aliolewa na Papa Jacques. Papa Jacques alikuwa mtu wa baiskeli. Alibeba ndizi kutoka Katana hadi Bukavu. Nyinyi mnaoijua barabara ile mnajua: unapita Kavumu, unapita Miti, ziwa linajificha, linarudi, linajificha tena. Papa Jacques alikuwa akipiga mluzi njia nzima. Maman Adélaïde alisema alimpenda kwanza kwa mluzi, sura aliiona baadaye.

Wakahamia mjini, wakapanga Cimpunda, huko juu ambako nyumba zimekaliana mabegani. Cherehani ilikaa mlangoni. Baiskeli ililala ndani, karibu na kitanda, kama mtu wa familia. Wakapata binti mmoja, Gisèle.

Halafu siku moja ya mvua, katika mteremko wa kuingia Mudaka, lori likampita Papa Jacques karibu mno. Akaanguka mtaroni na mzigo wote. Alitibiwa Katana, akatunzwa vizuri, akapona. Lakini mgongo haukurudi kama zamani. Alipopanda baiskeli tena, hakufika mbali. Mgongo uliwaka moto. Vidole vilikufa ganzi. Alirudi akiisukuma.

Wasikilizaji wapendwa, mtu huyu hakulalamika. Alinyamaza. Alikaa mlangoni akitazama ziwa, na ule mluzi ukatoka katika nyumba ile. Maman Adélaïde alimwambia binti yake maneno haya, na Gisèle ametupa ruhusa ya kuyasema: "Papa yako anakaa hapa, lakini iko kama mutu alishaka kwenda. Miye nitamurudisha. Sijue namna gani, lakini nitamurudisha."

Alianza na kitu alichokijua, kitambaa. Alichukua sponji nene ya godoro la zamani, akaikata, akaivisha veluti nyekundu, akakishonea kiti cha baiskeli mto mkubwa laini. Kilikuwa kizuri. Majirani walikuja kukishika kwa mikono. Papa Jacques akakaa, akaenda hadi kanisani. Alirudi kwa miguu, uso umekunjamana.

"Inauma kuliko zamani," alisema.

"Namna gani inauma? Iko laini!"

"Laini iko mingi, Adélaïde. Ninazama. Matako inaenda huku, inaenda kule. Mugongo inafanya kazi ya kunishika." Kisha akasema neno lililomchoma: "Wacha. Kinga haiko robe. Na weye haujapandaka hata siku moja."

Kinga ndilo jina la baiskeli kwetu, na robe ni gauni, mnajua. Na ilikuwa kweli. Maman Adélaïde hakuwahi kupanda baiskeli maishani.

Mwanamke mwingine angenuna. Yeye alifikiri. Jumapili iliyofuata, watu walipotoka misa, aliisukuma ile baiskeli hadi uwanja wa shule. Mama mwenye binti mkubwa, amevaa kitenge, anajifunza kupanda! Watu walicheka hadi wakakaa chini. Alianguka. Akaamka. Akaanguka tena, kiwiko kikatoka damu. Wanawake wa kwaya wakamwambia, "Maman, utavunjika shingo, rudi ku mashine yako." Aliwajibu, "Namna gani nitashonea mutu mwili ule sijue?"

Na Jumapili moja, alasiri, jua likiwa limelegea, baiskeli ikamkubali. Alituhadithia mwenyewe, alipokuja hapa redioni siku za nyuma. Nanukuu: "Nilisikia kama ardhi imeniachilia. Kila kitu kikanyamaza. Nikaona miti inapita polepole, na nilikuwa siogope. Halafu mikono ikaanza kuniuma. Njo pale nikaelewa bwana yangu."

Alielewa nini? Alielewa kwamba ncha ya kiti ilikuwa imeinama mbele. Mwili ulikuwa unateleza, na mikono ndiyo iliyouzuia. Alielewa kwamba usukani ulikuwa chini na mbali, kwa hiyo mgongo ulipinda kama wa mtu anayetafuta sindano sakafuni. Alielewa kwamba kiti kilikuwa chini mno, magoti yakapanda hadi tumboni. Baiskeli ile ilikuwa nguo ya mtu mwingine. Papa Jacques alikuwa ameivaa miaka yote kwa nguvu za ujana.

Basi akachukua utepe wake wa kupimia, akamsimamisha mumewe karibu na ukuta, kama anampimia suruali. Papa Jacques hakutaka.

"Batu bataniona mujinga," alisema. "Bibi ananipimia kinga."

"Wacha baseme. Simama sawa."

Akampima mguu. Akampima mkono. Kisha wakaenda pamoja kwa wauza vyuma wa Kadutu, wakatafuta. Wakapata shina refu la usukani, limetoka kwenye baiskeli ya zamani ya kike. Wakapata usukani uliopinda kumrudia mpandaji, kama mikono inayokaribisha. Wakapata kiti kipana chenye springi, kigumu kidogo, kinachoshika mifupa bila kuimeza. Ile veluti nyekundu Maman Adélaïde aliifumua mwenyewe. Alisema, "Nilifikiri kinga ni nguo ya kulala. Kumbe ni nguo ya kutembea."

Akapandisha kiti. Alimwambia Papa Jacques aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu ukanyooka. "Sasa weka mbele ya mguu." Goti likapinda kidogo tu. "Bakisha hapo." Akaisawazisha ncha ya kiti. Akaivuta mikono ya breki karibu na vidole. Magurudumu akayavisha mipira minene, akakataa yajazwe upepo hadi kuwa mawe. Na kila alipolegeza kitu aliuliza, "Sasa iko inauma wapi?" Papa Jacques alijibu, "Hapa." Akasogeza upana wa kidole. "Na sasa?" Upana wa ukucha. "Na sasa?"

Kazi hiyo haikuisha siku moja. Walirudia, wakagombana, wakacheka. Binti yao Gisèle anakumbuka kwamba wazazi wake hawakuwa wameongea hivyo tangu ile ajali. "Nilikuwa ninasikia sauti yabo inje, ninasema, Mungu wangu, banaongea," anasema.

Asubuhi moja ya kiangazi Papa Jacques akatoka bila kuaga. Maman Adélaïde alikuwa kwenye cherehani. Saa zikapita. Akaacha kushona. Akasimama mlangoni. Jioni, kabla ya giza, akasikia kitu kinapanda mlima wa Cimpunda. Ulikuwa mluzi.

Papa Jacques alikuwa amefika Katana na kurudi. Alileta ndizi chache tu, za kula nyumbani. Akamwambia mkewe, "Sikutaka kukwambia kwanza, pengine ingenishinda."

Wasikilizaji wapendwa, habari haikai. Watu walianza kupanda Cimpunda na baiskeli zao. Alikuja mwalimu aliyekuwa anakufa ganzi vidole. Alikuja katekista aliyechoka kushuka na kusukuma kila mlima. Maman Adélaïde akampeleka kwa fundi abadilishiwe lile duara la meno la nyuma, awekewe kubwa zaidi, na milima ikawa mifupi. Yeye hakuziba pancha wala kunyoosha magurudumu. Kwa hayo aliwatuma kwa mafundi, na mafundi nao walimtumia watu. Yeye alisikiliza mwili.

Alikuja pia Bintu. Bintu ni mkunga. Alipewa baiskeli na mradi mmoja, baiskeli kubwa ya kiume, na muda mrefu aliisukuma tu, akiibebesha sanduku lake. "Nilikuwa ninaona aibu," Bintu anasema. "Nilifikiri ni miye njo sijue." Maman Adélaïde alimtazama, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Haiko weye. Ni yenyewe haikujue." Wakaibadilisha na nyingine yenye kiunzi cha chini, ambayo mwanamke anaipanda na kitenge chake bila kurusha mguu. Wakaipima. Bintu akaanza kupanda.

Kisha ikaja ile miezi mnayoikumbuka, petroli ikapotea mjini na pikipiki zikalala. Alfajiri moja Bintu aliitwa, mwanamke yuko na uchungu mbali, kwenye barabara ya Kavumu. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Hakukuwa na gari. Bintu akapanda baiskeli. Anasema hakumbuki njia vizuri. Anakumbuka ukungu, harufu ya majani ya kahawa yaliyolowa, na miguu yake ikizunguka yenyewe kama maji. "Nilifika na mikono mizima," anasema. "Unaelewa? Vidole vyangu vilikuwa vizima. Kama vingekuwa vimekufa ganzi, ningeshika ule mutoto namna gani?" Mtoto alizaliwa hai. Ni msichana. Anaitwa Adélaïde.

Maman Adélaïde aliposikia habari hiyo, alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona, akalia. Halafu akasema kitambaa kimelowa, kianikwe.

Ni katika miaka hiyo ambapo yeye mwenyewe alipata baiskeli yake. Nyembamba, ya buluu iliyochakaa, usukani wa juu. Aliipima kwa mwili wake bila haraka, msimu mzima. Na mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, yeye na Papa Jacques wakaenda Katana pamoja, ubavu kwa ubavu.

Papa Jacques ametusimulia safari hiyo. Nitawasimulia kama alivyosema, polepole. Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa. Visiwa vilionekana vinaelea juu, havikugusa maji. Watoto wa Miti waliwapungia mkono, na sauti zao zilifika kama zinatoka usingizini. Mahali fulani, kabla ya kufika Katana, Maman Adélaïde akaacha kupiga pedali. Baiskeli ikateremka yenyewe. Akasema, "Jacques, sikia. Hakuna kitu kinaniuma. Mahali popote. Hakuna."

Alikuwa tayari mgonjwa. Ini lilikuwa limeanza kumla, ila hakuna aliyejua. Papa Jacques anarudia yale maneno ya njiani kila siku. Anasema ndiyo anayotaka kubaki nayo.

Maman Adélaïde Nsimire alifariki mwezi uliopita, asubuhi, mumewe na binti yake wakiwa pembeni. Alizikwa Katana, karibu na maji. Watu wengi walikwenda kwa baiskeli. Hawakupanga. Walijikuta tu wengi barabarani, kimya, minyororo ikinong'ona, na magari yakawapisha.

Baada ya matanga, Gisèle alibaki na baba yake. Gisèle anaishi Uvira, ni mrefu kama baba. Asubuhi moja alitaka kwenda kwa Bintu kumshukuru, akachukua ile baiskeli ya buluu. Akakaa. Magoti yakapanda. Akataka kwenda hivyo hivyo.

Papa Jacques akamwita. "Shuka."

"Papa, hapana. Ibaki vile. Ni kipimo ya maman."

Mzee yule akasimama na ufunguo wa nati mkononi. Nati ile ilikuwa imekazwa na mkono wa Adélaïde, na baada yake hakuna aliyeigusa. Kisha akapiga magoti. "Maman yako hangekubali mutoto wake aumie sababu ya kumukumbuka," akasema. Akalegeza. Kiti kikapanda. Akamuuliza bintiye kama goti linapinda vizuri, na binti akaitikia kwa kichwa. Akateremka Cimpunda, akapotea katika ukungu. Baba alibaki anasikiliza mpaka kengele haikusikika tena.

Papa Jacques, sisi wa redio hii tunakushika mkono. Gisèle, pole sana, pole kwa mama mzuri. Pole kwa familia yote ya Katana, kwa Bintu, na kwa msichana mdogo atakayekua akibeba jina hilo. Mungu ampe Maman Adélaïde pumziko jema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjatoka leo, mtazameni mtu mmoja mnayeishi naye. Pengine anaumia mahali na amezoea kunyamaza. Pengine mmezoea kumwona hivyo. Msimwambie avumilie. Mwulizeni ni wapi, kisha mkae msikilize mpaka ajibu.

Ukungu unaanza kuinuka. Sasa naiona ng'ambo. Njia njema.