Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Ndani ya basi la asubuhi, kwenye kiti cha mbele yangu, mpiga chapa mmoja alikuwa amemkalia kooni fundi wa kompyuta wa ofisini kwao. "Kila nikiwasha mashine, vitufe vya kipanya vimerudi vya mkono wa kulia. Jana nimefuta barua nzima!"

"Dada, nikiiandikia hiyo Linux inayoendesha mashine isisahau mpangilio wako, mwenzako wa zamu ya jioni anayeitumia atalalamika."

"Si umfungulie akaunti yake?"

"Bosi hataki." Nikaona fundi huyu ana majibu mengi kuliko bisibisi.

"Mwenzangu ana mikono miwili, kaka."

Fundi akakohoa. Basi liliposimama, dada akautumia mkono wa kushoto kuunyanyua wa kulia kutoka mapajani, taratibu, kama anayebeba mtoto aliyelala.