Mzee Bado, Mpima Pumzi wa Chumba Namba Nne

Mzee Bado anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 mwezi wa pili, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima mapafu ya watoto katika kliniki yetu. Ishirini na miwili kati ya hiyo nimemfagilia chumba chake, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha aje na ufagio wake.

Alianzia stoo ya vifaa. Mashine ya kwanza ya kupima pumzi ilipoletwa, hakuna aliyetaka kusoma kitabu chake. Akakisoma yeye, na tangu hapo hawajaachana. Jina lake halisi liko kwenye faili. Hili la Bado alipewa na watoto, maana mtoto akianza kupuliza kwenye bomba, yeye humsimamia kichwani: puliza, puliza, bado, bado, bado, mpaka macho yanamtoka. Mama mmoja aliwahi kumvulia kandambili. Mzee aliendelea kusema bado huku akirudi nyuma.

Wengi wa watoto wake ni waliopandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Uboho wa mtoto mwenye ugonjwa mbaya wa damu huuawa kwa dawa kali, kisha mtoto akapewa mbegu za damu za ndugu au za mtu baki. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, watu hushangilia wakidhani yamekwisha. Hayajaisha. Damu ya mgeni inaweza kuyageukia mapafu baada ya miezi, hata miaka, na vijia vya hewa vikasinyaa kidogo kidogo. Mtoto mwenyewe hasemi. Anaacha kukimbia, anachagua kuwa golikipa, na wewe unamsifu kwa majirani kuwa siku hizi ametulia.

Ndiyo maana Mzee Bado aliwataka waje kila baada ya miezi mitatu. Wazazi walinung'unika: mtoto mzima unamwitia nini? Jibu lake halikubadilika. Namwita akiwa mzima ili niujue uzima wake unafananaje.

Jambo la pili lilikuwa fimbo ya urefu. Hakupima pumzi ya mtoto kabla ya kumvua viatu na kumsimamisha ukutani, hata kama alimpima mwezi uliopita. Wafamasia walimwita fundi cherehani. Hakuwajali.

Miaka sita iliyopita alikwenda likizo. Mjukuu wangu alikuwa na miaka tisa, na miaka miwili ilikuwa imepita tangu apewe uboho wa kaka yake. Mimi, ninayefagia mlangoni pale kila asubuhi, nilikuwa nimeruka miadi yake mitatu, kwa sababu alikuwa mzima. Sina wa kumsingizia. Siku nilipompeleka foleni ilikuwa ndefu, na fundi wa zamu, binti mgeni kazini, akanakili urefu wa mwaka uliopita kutoka kwenye faili. Pumzi ikatoka namba ileile ya mwaka uliopita. Daktari akaandika kuwa hali haijabadilika. Nikafurahi, nikamnunulia mtoto viatu vipya.

Mzee Bado aliporudi alimkuta mjukuu wangu kwenye benchi la ukumbini akinisubiri nimalize zamu. Akatazama miguu yake. "Bibi, vile vya zamani vimechakaa?" Nikamwambia hapana, vinambana. Alimshika mkono, akamvua hivyo viatu vipya, akamsimamisha kwenye fimbo.

Alikuwa amerefuka sentimita sita. Mtoto akirefuka, mapafu yanatakiwa kukua naye. Yakibaki palepale, yamerudi nyuma. Alipopiga hesabu upya, mtoto alikuwa ameshuka kutoka themanini na nane katika mia ya pumzi inayotarajiwa kwa urefu wake hadi sabini na nane, na hakuna aliyeona.

Akapanda na karatasi yake hadi kwa daktari. Daktari akamwambia, "Lakini namba ni ileile, mzee."

"Mtoto siye yuleyule, daktari."

Nampa daktari haki yake: hakubishana mara ya pili. Alimpeleka mtoto kupigwa picha ya kifua siku hiyohiyo, na dawa zikaanza wiki ileile. Kilichopotea hakikurudi, wala Mzee Bado hakunidanganya kuwa kitarudi. Kazi ilikuwa kukizuia kilichobaki kisiondoke.

Mzee hakumshtaki popote yule binti aliyenakili. Alimpa fimbo, akamwambia apime kila anayeingia mlangoni kwa mwaka mzima, wagonjwa, wahasibu, hata mimi. Nimefupika sentimita mbili, na wote wanajua.

Kuanzia Jumatatu chumba namba nne ni cha huyo binti. Juzi mjukuu wangu, sasa ana miaka kumi na mitano, alikuja kupima. Mzee Bado alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono ameikalia. Binti hakufungua faili. Alianza kwa kumvua mtoto viatu, kisha akamsimamia kichwani: bado, bado, bado. Sabini na saba. Mapafu yameshikilia. Mzee Bado alinyanyuka akaenda kuvaa koti.

Mzee, sisi wote wa kliniki tunakushukuru, na tunakuombea miaka mingi ya kupumua bila haraka. Nanyi wazazi mnaosoma haya hapo kwenye benchi, mwezi ujao waleteni, na walio wazima pia. Mtawakuta wenzao mlangoni, viatu mkononi.