Badawi Mahadhi na Njia ya Kakuyuni

Jumamosi tarehe 31 Desemba 1988, Mzee Badawi Mahadhi atakabidhi funguo za banda la baiskeli na kustaafu, baada ya kuitumikia Hoteli ya Mawe Meupe, hapa Malindi, kwa miaka ishirini na sita. Jarida letu la wafanyakazi limempa Shekha wa mapokezi kazi ya kuandika habari zake, kwa kuwa meza yake inatazamana na banda hilo na hakuna kelele ya Mzee Badawi isiyomfikia.

Mzee Badawi ni mtu wa mtaa wa Barani, hapa hapa mjini. Wazee wake walihamia kutoka visiwa vya kaskazini, na kwao wanaume wote ni watu wa bahari, isipokuwa yeye. Bahari ilimkataa tangu utotoni. Akipanda chombo hutapika kabla nanga haijang'olewa. Ndugu zake walimcheka sana, naye akaja zake kwetu mwaka 1962 kuomba kazi ya nchi kavu. Akapewa ndoo ya kumwagilia maua.

Maua aliyamwagilia hadi mwaka 1979, hoteli iliponunua baiskeli kwa ajili ya wageni. Hakuna aliyetaka kuzitunza. Badawi alizitaka, na tangu siku hiyo banda lile likawa himaya yake. Aliyeazima pampu bila kumwambia alisikia maneno ambayo hayafai kuchapishwa humu. Aliyerudisha baiskeli na mchanga kwenye nyororo alirudishwa naye akaipanguse.

Tatizo lilikuwa pa kuendesha. Wageni wa kwanza walishika barabara kuu, malori ya chumvi kutoka Marereni yakawapita ubavuni kwa kishindo, nao wakarudi weupe kwa vumbi na kwa hofu. Bibi mmoja alishuka palepale langoni na kuapa kwamba hatapanda tena. Badawi alisikitika kama aliyeaibishwa na watu wa nyumbani kwake mwenyewe. Basi kila siku yake ya mapumziko alichukua baiskeli, akapotelea bara. Alikuwa akirudi magoti yamechubuka na mifuko imejaa korosho, na ukimuuliza alikokwenda anajibu, "Natafuta kimya."

Alikipata. Njia yake inaanzia nyuma ya Barani, inapita Ganda, inaingia mashamba ya Kakuyuni, kisha inapanda na kushuka vilima hadi Jilore, ambako ukisimama juu unauona mto Sabaki umelala chini kama mkufu uliodondoka. Malori hayafiki huko. Kuna mikorosho, mahindi, mbuzi wenye kiburi, na minazi safu kwa safu mpaka macho yachoke.

Minazi hiyo ndiyo iliyompatia rafiki yake mkubwa, Bwana Aldo, mgeni wetu wa kila mwaka. Kwao Italia, Aldo ana mashamba ya zabibu juu ya vilima, na burudani yake ni kupita katikati yake kwa baiskeli. Siku ya kwanza Kakuyuni aliangaza huku na huku, akauliza zabibu ziko wapi. Badawi akamwonyesha kilele cha mnazi, ambako Charo mgema alikuwa amejibana na kisu chake, akigema.

"Zetu ziko juu, bwana. Subiri zishuke."

Zilishuka ndani ya kibuyu. Aldo alionja, akafumba macho, akaomba tena. Mzee Badawi, ambaye hajawahi kutia kileo kinywani, alikaa pembeni na dafu lake kama mkuu wa forodha. Akaweka sheria ambayo haijavunjwa hadi leo: aliyekunywa tembo la mnazi haendeshi, anakokota. Ndiyo maana watu wa Kakuyuni wamezoea kuona Wazungu wakirudi kwa miguu, wameshika usukani, wakiimba.

Mambo hayakuwa mteremko siku zote. Mwaka 1985 msafara ulifika kwenye shamba la Bi Kabibi, mjane anayelima yeye mwenyewe, ukakuta njia imezibwa kwa miiba. Pa kuzungukia hapakuwepo, ila kurudi kwenye malori. Meneja alisema waziwazi kwamba bila njia ile baiskeli zitauzwa na banda litakuwa stoo ya viti vibovu. Badawi hakula chakula cha mchana siku ile. Kesho yake alivaa kanzu safi, akaenda Kakuyuni kwa miguu, peke yake.

Yaliyosemwa tunayajua kwa sababu Charo alikuwa juu ya mnazi wa jirani na aliyasikia yote.

"Hodi hapa," Badawi akaita.

"Leo ndiyo umejua kubisha hodi?" Bi Kabibi akajibu, hakusimamisha mchi. "Watu wako wanakatiza uani kwangu kila wiki na kengele zao. Wananipiga picha natwanga, nina leso moja mwilini. Hakuna anayenisalimu. Ingekuwa ni nyumbani kwako Barani, ungekubali mwanamume asiyekujua apite uani na kamera shingoni?"

"Nisingekubali hata siku moja."

"Basi?"

"Basi nimekosa, dada yangu. Sikuja kuomba njia. Njia ni yako. Nimekuja kuomba radhi."

Bi Kabibi aliendelea kutwanga mpaka mahindi yakaisha, kisha akampa maji ya kunywa, akamwambia aende. Miiba ikabaki pale pale. Badawi alirudi mnyonge, akaanza kuzipaka baiskeli mafuta moja moja, kama mtu anayeaga. Wiki ya pili Charo akatokea langoni kwetu na ujumbe: Bi Kabibi ameondoa miiba, ila wageni washuke mpakani mwa shamba, kamera ziwe mkobani, wapige hodi, na asipoitikia warudi walikotoka.

Tangu hapo somo la kwanza la Kiswahili hoteli kwetu halikuwa tena "jambo". Ilikuwa raha kuwasikia watu wazima kutoka Milano wakifanya mazoezi karibu na bwawa la kuogelea, "Hodi! Hodi!", na Mzee Badawi akiwasahihisha kwamba wanaita kwa sauti ya kudai deni. Bi Kabibi naye, ambaye zamani alikuwa akiwakimbia, akawa anawawekea mihogo ya kuchemsha.

Mei mwaka uliofuata mvua ya masika ilikuwa kubwa. Aldo, ambaye hupenda kuja wakati hakuna watu, aling'ang'ania kwenda Jilore. Wakati wa kurudi, karibu na shamba la Bi Kabibi, tairi lake liliteleza kwenye udongo mwekundu, akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti. Mastura, binti aliyekuwa akijifunza kazi kwa Badawi, alikimbiza baiskeli mpaka hotelini kuita gari. Gari likaja, likakwama kwenye tope kabla ya kufika Kakuyuni.

Badawi aliufunga mguu kwa vijiti na kipande cha leso, lakini mgonjwa mwenyewe ni mzito na mvua haikomi. Bi Kabibi alipoona hivyo aliingia ndani, akatoka anakokota kitanda chake cha kamba, kile anacholalia.

"Mpakieni," alisema. "Mimi nitalala mkekani."

Charo alishika pembe moja, majirani watatu wakashika nyingine, wakambeba Aldo hadi lilipokwama gari. Badawi alikwenda ubavuni akimfunika kwa koti lake na kumtuliza kwa Kiitaliano chake ambacho, Aldo alitueleza baadaye, kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili, Kiarabu cha sala na majina ya vipuri vya baiskeli. Aldo alipakiwa pamoja na kitanda, gari likasukumwa likatoka, na Badawi alipohakikisha mlango umefungwa, alikaa juu ya jiwe akalia. Charo anasema hakumcheka. Sisi tunamwamini kwa shida.

Meneja alishtuka, akataka safari zikome. Alikwenda hospitalini kumweleza Aldo uamuzi huo, na Aldo, mguu ukiwa umening'inizwa, akamuuliza, "Umeshamshukuru mwenye kitanda?"

Hakuwa amemshukuru. Siku mbili baadaye meneja wetu aliikunja suruali yake, akaenda Kakuyuni pamoja na Badawi, aliyekuwa amekichukua kitanda mjini akakisuka upya kwa kamba mpya. Wanasema meneja alisimama mpakani mwa shamba, akaita hodi kwa sauti nzuri kabisa, akasubiri. Alirudi jioni na kikapu cha korosho. Habari ya kuzikomesha safari hatukuisikia tena. Aldo alipopona alirudi, na angali anakuja.

Mzee Badawi anaacha wageni wasiohesabika waliopita njia ile salama, na anamwacha Mastura, msichana wa kwanza kuongoza safari za hoteli yetu, ambaye tayari anazijua kelele zote za mwalimu wake kuhusu pampu. Anaacha pia sauti yake ya kasida za asubuhi, ambayo haikupata kukutana na mahadhi yanayotakiwa, lakini tutaikosa.

Jambo moja la mwisho. Miaka yote hiyo Mzee Badawi aliwatembeza watu wa mbali, na mkewe, Bi Hindu, hakuwahi kuiona njia yenyewe. Jumapili iliyopita Mzee Badawi aliomba ruhusa ya kutumia baiskeli kwa mambo ya nyumbani. Tulimwona akipita langoni, amevaa kanzu yake ya Idi, na Bi Hindu amekaa nyuma upande upande, buibui limekusanywa magotini, mkono umeshika kiuno cha mumewe.

"Taratibu, Badawi," alikuwa akisema. "Mimi si mgeni wa hoteli, mimi nikivunjika utaniuguza wewe."

Walirudi alasiri. Bi Hindu alishuka, akajipangusa vumbi, akatuamkia sote, kisha akasimama kidogo akiitazama njia walikotoka. Shekha akamuuliza ameionaje.

"Nimeelewa," alisema, "kwa nini alikuwa akichelewa kurudi nyumbani." Akamtazama mumewe, akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa tutachelewa wote wawili."

Mzee Badawi, wenzako wa Mawe Meupe tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali na kwa wema wako. Tunakuombea wewe na Bi Hindu afya, utulivu, na miteremko mingi kuliko vilima.