Pole Aliyoitoa Mzee Sosthène Kalume Chini ya Bawa la Ndege

Ndugu katika Kristo, nanyi majirani mliokuja hata kama Kiswahili hamkielewi, Bwana awabariki kwa kuacha kazi zenu na kufika. Haya ndiyo maisha ya kaka yetu Sosthène Kalume, kwa kadiri sisi wa nyumbani tulivyoyajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Shinkolobwe, Katanga, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Kalume na Mama Cibalonza, wenyeji wa Walungu, Kivu Kusini. Baba alipelekwa Katanga akiwa kijana kuchimba mawe. Wakati wa vita vya pili vya Wazungu yeye na wenzake walichimba na kuchambua mawe yale kwa mikono mitupu, na hakuna aliyewaambia yanakwenda wapi. Kumbe yalivuka bahari hadi Amerika, yakatumika kutengeneza bomu la atomiki. Baba alikufa hajui hilo. Watoto wake walilisikia wakiwa watu wazima.

Familia ilirudi Walungu mwaka 1961, na marehemu akasoma shule ya msingi ya misheni huko. Sekondari alisoma miaka miwili tu. Baba alipofariki mwaka 1972, aliteremka Uvira kujifunza uashi, naye akawa fundi wa kutegemewa. Nyumba alizojenga zingine bado zimesimama, zingine vita vimezibomoa.

Tarehe 23 Julai 1988 alifunga ndoa takatifu na Emérance, hapo hapo Uvira. Mungu akawajalia watoto watatu: Zachariah, Nabintu na Riziki. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wakakaa huko karibu miaka kumi na saba.

Kule kambini alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwenda matangani. Hakuuliza marehemu ni wa kabila gani wala wa dhehebu gani. Siku moja aliona turubai na watu wengi, akaingia moja kwa moja, akamshika mkono msichana aliyekaa mbele, akaanza kulia. Baba wa msichana akamvuta pembeni: "Mzee, hii ni harusi!" Sosthène akafuta machozi. "Basi, pole na gharama," akasema, akakaa akala wali. Tangu siku hiyo watoto wa kambini walimwita Papa Pole.

Tarehe 5 Septemba 2013 familia ilifika Minnesota, ikapata nyumba ya kupanga hapa Columbia Heights. Mwaka 2015 marehemu aliajiriwa kufanya usafi katika jumba la ndege za zamani, nje kidogo ya Saint Paul. Ndege kubwa kuliko zote mle ndani ilikuwa ya aina ileile iliyobeba bomu la atomiki mwaka 1945. Siyo ile yenyewe, ila ni ya ukoo huo. Alipoambiwa hivyo alisimama na ufagio wake, akasema, "Kumbe mawe ya baba yalipandishwa humu." Halafu akaendelea kufagia. Kazi ilikuwa ya mchana, tena ilikuwa na bima, na bima hiyo ndiyo iliyomlipia Mama Zachariah dawa ya sukari.

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019 alikuja bibi mmoja wa Kijapani, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alisimama chini ya bawa la ndege ile kwa muda mrefu. Mjukuu alieleza kwamba kaka yake bibi alikufa Hiroshima, akiwa mtoto wa shule. Marehemu aliegemeza ufagio wake, akamshika bibi mikono yote miwili, akasema kwa Kiingereza chake kidogo: "Sori, mama. Sori sana." Bibi akainama. Watu walikuwa na simu zao, wakapiga picha, na kabla ya Jumatatu habari zilikuwa zimeenea kwamba jumba lile limeomba msamaha kwa ajili ya bomu.

Familia za wanajeshi waliorusha ndege hizo zilikasirika sana. Marehemu aliitwa, akaenda na Zachariah wa kumtafsiria. Mkubwa wa kazi alikuwapo, na Mzee Harlan Lindquist, mzee wa kujitolea aliyekuwa akiwaeleza wageni habari za ndege.

"Nani alimtuma mfagiaji aombe msamaha kwa niaba ya ndege hii?" Mzee Lindquist aliuliza.

"Sikuomba msamaha," marehemu akajibu. "Nilimpa pole, maana alifiwa."

Zachariah akatafsiri. Mzee Lindquist akapiga meza.

"Umewaambia nini?" marehemu akamuuliza mwanawe.

"Nimewaambia umesema sori."

"Mimi nimesema pole!"

"Papa, kwa Kiingereza ni neno moja hilo hilo. Nifanyeje?"

Mzee Lindquist akasema kwamba baba yake alirusha ndege kama ile, akarudi nyumbani mzima kwa sababu bomu lilimaliza vita. Bila ndege ile, yeye mwenyewe asingezaliwa. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Baba yako naye pole," akasema. "Aliona mengi."

Zachariah alisita kutafsiri hiyo. Alipoitafsiri, mambo yakaharibika kabisa. "Hakuna mtu wa kumwambia baba yangu sori!" mzee yule akasema, akatoka nje.

Mkubwa wa kazi hakuwa mtu mbaya. Alisema marehemu atabaki na kazi yake, ila Jumamosi inayofuata asimame mbele ya zile familia aseme kwamba neno lile lilikuwa kosa, naye analifuta.

Wiki hiyo nyumbani hapakuwa na raha. "Papa Zachariah, neno ni upepo," Mama Zachariah alimwambia. "Liseme, urudi kazini. Dawa yangu inatoka wapi?"

"Mama Zachariah, mimi na wewe tumekaa matanga mangapi? Nikifuta hii moja, kesho nikimwambia mfiwa pole, ataipokea ya nini?"

Jumamosi alivaa suti ya kanisani, akasimama mbele yao. "Ndege hii si yangu," akasema. "Siwezi kuiombea msamaha, wala siwezi kuihukumu. Lakini yule bibi amefiwa. Pole nimeshampa, iko kwake. Siwezi kumfuata nikamnyang'anye."

Kazi ikaisha siku hiyo. Mama Zachariah alimnunia wiki nzima, na haki ya kununa alikuwa nayo. Kanisa lilichanga dawa mpaka marehemu alipopata kazi kwenye ghala kule Shakopee, na akiwa na miaka sitini na miwili akaanza kubeba maboksi. Hata humu kanisani tulibishana. Wengine walisema bomu lile liliua watoto na akina mama, wengine kwamba liliokoa maelfu, wengine kwamba mkimbizi hatakiwi kuzungumzia mambo ya wenye nchi. Yeye hakubishana na mtu. Alisema hesabu ile ataifanya Mungu.

Mwezi wa nne mwaka 2022 mke wa Mzee Lindquist alifariki. Marehemu alisikia kwa mfanyakazi mwenzake wa zamani, akachukua koti.

"Unakwenda kwa mtu aliyekufukuzisha kazi?" Mama Zachariah akamuuliza.

"Amefiwa."

Mama Zachariah akavaa viatu, wakapanda basi wote wawili. Mzee Lindquist alifungua mlango, akawaona, akasema, "Sihitaji sori ya mtu." Akafunga. Basi wakakaa pale kwenye ngazi, kama tunavyokaa sisi nje ya nyumba yenye msiba. Kulikuwa na baridi. Baada ya muda mlango ukafunguka tena, mzee akatoka na viti viwili, akarudi kuchukua cha tatu. Wakakaa. Habari za ndege hawakuzigusa, na mpaka leo mzee yule hajabadili mawazo yake juu ya ndege ile.

Mwaka 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, akagunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa vizuri na madaktari wa Minneapolis, tunawashukuru. Alipumua mara ya mwisho Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025 alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Zachariah, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, Emérance, watoto watatu, Zachariah, Nabintu na Riziki, wajukuu watano, na dada yake mdogo, Maombi, aliyeandika haya. Mzee Lindquist ameketi nasi, safu ya pili. Tangu juzi anamuuliza Zachariah neno la kumwambia mjane, na Zachariah amemwambia kwamba hakuna la Kiingereza, ajifunze letu. Mpeni nafasi apite kwanza kwa mjane.

Sosthène, kaka yetu, Bwana akupe pumziko na amani.